Uzi: Ncha za vidole ndizo sauti. Wapiga udi na gitaa wa Amu na Malindi, tutunze ngozi na kucha kabla ya kununua nyuzi mpya

UdiWaMkomani (mleta uzi)

Assalam alaikum wanajamvi.

Vijana wanaojifunza udi hapa Amu (Lamu), na wenzao wa gitaa kule Malindi, huuliza sana habari za vyombo: ninunue nyuzi gani, udi wa Misri au wa Uturuki, maiki ya aina gani. Habari ya vidole haiulizwi. Nami nashikilia kwamba sauti mbaya nyingi tunazozisikia barazani hazitoki kwenye chombo. Zinatoka pale ncha ya kidole, au ya risha (kile kipande cha kupigia nyuzi), inapoachana na uzi. Ubao na spika hukuza kile kilichotendeka pale. Pakiwa na mkwaruzo, mkwaruzo ndio utakaokuzwa.

Nianze na mkono wa kushoto. Kwenye gitaa, uzi ukibanwa hukomea kwenye freti, kile kijichuma kilicholala shingoni, na nyama ya kidole inakaa nyuma yake. Udi hauna freti. Mwisho wa uzi ni kidole chenyewe. Kidole kikiwa laini mno, nyama inaumeza mtetemo na noti inakufa kabla hujaifurahia. Kidole chenye sugu ya magamba nacho hulia kila unapoteleza kutoka noti moja kwenda nyingine. Na kumbukeni nyuzi zenyewe ni jozi: udi wa kawaida una nyuzi 11, jozi 5 na uzi mmoja mnene peke yake, kwa hivyo ncha moja ya kidole inabana mbili kwa pamoja. Sugu isiyokuwa sawasawa inabana mmoja barabara na mwenziwe nusunusu. Hapo jozi inasikika kana kwamba haijalinganishwa, na mtu anaanza kuhangaika bure na vigingi vya kukazia nyuzi.

Kwa hiyo sugu tunayoitaka ni nyembamba, kavu na nyororo. Wengi wanajisifia sugu nene kama ya mchukuzi wa bandarini, na mimi nasema hiyo si sifa kwa mpiga udi. Sugu nene haihisi uzi, na siku moja ukingo wake unanasa kwenye uzi, inabanduka nzima, unabaki na nyama mbichi.

Ngozi hujenga tabaka gumu la juu pale inaposuguliwa na kukandamizwa kidogokidogo, mara kwa mara. Ukiisugua sana kwa mkupuo mmoja, tabaka hilo linaachana na la chini yake, maji yanajaa katikati, ndilo lengelenge. Anayeanza apige dakika 15 au 20, aweke chini, arudi baadaye siku ileile. Kidole kikianza kuwaka moto, acha hapohapo. Lengelenge litakurudisha nyuma kuliko mapumziko.

Sugu ikianza kuinua ukingo, usiing'ate wala usiikate kwa wembe. Chukua msasa laini, namba 600, upitishe mkavu bila kukandamiza, kisha 1000, mpaka ukipitisha kidole kwenye kitambaa cha hariri kisinase. Hicho ndicho kipimo changu: leso ya hariri au baibui jepesi. Kikinasa kwenye kitambaa, kitanasa kwenye uzi.

Adui mkubwa ni maji. Ngozi iliyolowa huvimba na kulegea, na uzi mwembamba huikata. Ukitoka kuogelea, kufua au kuosha vyombo, ngoja kama nusu saa vidole vikauke hasa. Mafuta ya nazi ni mazuri, lakini yapake usiku ukishaweka udi chini, kidogo tu, ngozi isije ikapasuka. Ukiyapaka kabla ya kupiga unalainisha kile ulichokuwa ukikijenga, na nyuzi zilizozungushiwa waya zinashika grisi na uchafu, zinapoteza mng'aro wake.

Sasa mkono wa kulia. Husimuliwa kwamba Ziryab, aliyetoka Baghdad akaishia Cordoba karne ya 9, ndiye aliyeacha risha ya mti akatumia unyoya wa tai. Leo wengi wetu tunatumia plastiki au pembe ya ng'ombe. (Gamba la ng'amba lilikuwa likisifiwa, na wapo wanaoendelea kuliulizia. Liacheni. Kasa wote wanalindwa na sheria, na biashara ya magamba yao imepigwa marufuku kimataifa. Pembe iliyopigwa msasa vizuri inatosha kabisa.) Ukingo wa risha ndio ncha yako ya kidole upande wa kulia. Ukiwa na vijino utasikia mchakarisho kabla ya kila noti. Upitishe msasa wa 1000, kisha 2000, kisha usugue kwenye kitambaa cha jinzi mpaka uteleze. Na risha ikutane na uzi kwa mshazari kidogo, isiupige bapa.

Mahali pa kupiga pia pana siri yake. Uzi wa udi wa Kiarabu una urefu wa kama sentimita 61. Ukiupiga katikati kabisa, zile sauti ndogo za juu zinazotoka pamoja na noti yenyewe, zilizo shufwa (ya 2, ya 4, ya 6), hazizaliwi, ndiyo maana inatoka sauti yenye uwazi ndani yake, kama filimbi. Ukisogea mpaka sentimita 12 hivi kutoka kwenye daraja (pale nyuzi zinaposhikwa ubaoni), sehemu moja ya tano ya uzi, zinazokosekana ni ya 5, ya 10 na kuendelea hivyo tu, na sauti inajaa. Ukikaribia daraja zaidi inakuwa kali na nyembamba. Kabla ya kusema udi wako una sauti ya bati, sogeza mkono.

Karibuni, ongezeni na mpinge.

GitaaLaMalindi

Uzi mzito huu, mkuu. Ila umewasahau wenye kucha, na sisi wa gitaa la vidole tuko wengi huku.

Ubishi wa kucha na nyama una karibu miaka 200. Fernando Sor na Dionisio Aguado, Wahispania wote wawili, walikuwa Paris wakipiga pamoja. Sor akipiga kwa nyama, Aguado kwa kucha, na walibaki marafiki. Francisco Tárrega (1852–1909) alizikata kucha zake miaka ya mwisho ya maisha. Andrés Segovia akaja na kucha na nyama kwa pamoja, na wapigaji wengi wa gitaa la klasiki duniani wakamfuata.

Sababu ya tofauti ya sauti ni hii. Nyama ni pana na laini, kwa hiyo uzi unapovutwa unapinda kwa duara, na duara halizai sauti nyingi za juu. Ukucha ni mwembamba na mgumu. Uzi unapinda kwa kona kali, na kona ndiyo inayozaa mng'aro. Anayetaka vyote viwili aache uzi uguse nyama kwanza, uteleze juu ya ukucha, ndipo uachiliwe. Hilo linawezekana ukucha ukiwa mfupi, ukizidi ncha ya nyama kwa milimita 1 au 2 basi. Ukiwa mrefu zaidi unakuwa kulabu.

Umbo ndilo linalowashinda watu. Wanachonga mviringo mzuri wa kupendeza machoni, halafu uzi unajikwaa katikati. Ukucha uchongwe mteremko: upande uzi unapoingilia uwe chini, unapotokea uwe juu kidogo, bila kona yoyote njiani. Kisha ukingo wa chini, ule usioonekana, usuguliwe kwa msasa wa 1000 na 2000. Watu wanang'arisha juu ya ukucha na kuuacha ukingo wa chini na vijino, na uzi unapita hapohapo chini.

Jambo jingine ni upande unaousukuma uzi. Ukiuvuta kwenda kando, unatetemeka sambamba na ubao. Noti inakaa muda mrefu lakini nyembamba. Ukiusukuma kidogo kuelekea ndani ya ubao kabla ya kuuachia, ubao unasukumwa zaidi, noti inatoka nono na yenye nguvu, ingawa inaisha mapema. Ndiyo maana kwa nyimbo za pole napiga kidole kikapumzike kwenye uzi unaofuata. Watu wa hoteli ninakopiga, wasiojua lolote kuhusu gitaa wananyamaza wenyewe.

Kwa nyuzi za chuma, sitamdanganya mtu: kucha za asili zinaliwa haraka.

KibangalaTu

Nafuatilia. Mkuu wa Malindi, ukucha ukivunjika siku ya harusi unafanyaje?

GitaaLaMalindi

Wapo wanaokata kipande cha mpira wa tenisi ya mezani, wanakibandika chini ya ukucha kwa supaglu, wanakichonga. Ni ujanja wa zamani wa wapiga gitaa la klasiki na sauti yake inakaribia ukucha sana. Kwa usiku mmoja unafaa. Wengine wanakwenda saluni kutiwa akriliki.

BintiShela

Waalaikum salaam. Najifunza udi, bado mchanga. Vidole vya kushoto vinaniuma mpaka usiku, hasa shahada na cha kati. Bibi yangu ananiambia nitie hina kwenye ncha zikomae. Shoga yangu amesema piko ni bora zaidi kwa sababu inashika. Na hizo akriliki za saluni, zina madhara?

MuuguziPwani

BintiShela dada yangu, piko usiweke kabisa, na hasa pale ngozi ilipochubuka. Rangi nyeusi za nywele zinazotumiwa kama piko huwa na kemikali ya PPD, na ninaona watu wanavimba na kutoka malengelenge kwa ajili yake. Mwili ukishaikataa mara moja, huikataa maisha. Mpiga udi anayefanyiwa hivyo kwenye ncha za vidole amejifungia chombo kwa majuma.

Hina halisi ya majani haina neno. Rangi yake inashikamana na keratini ya ngozi na kucha, ndiyo maana haitoki mpaka ngozi ijibadilishe. Lakini haijengi sugu. Sugu inajengwa na uzi peke yake. Bibi apewe heshima yake, hina tia kwa pambo.

Supaglu: imeingia kwenye mazungumzo kama kitu cha kawaida, na naona wapigaji wanaipaka hata kwenye ncha za mkono wa kushoto. Juu ya ngozi nzima, tabaka jembamba, wengi hawadhuriki, ingawa wapo inaowachoma na kuwawasha. Juu ya kidonda ni hatari. Gundi ya dukani siyo ile ya hospitali ya kufungia jeraha, na ukiufungia uchafu ndani, chini yake panatunga usaha. Akriliki nazo: ili zishike, ukucha wako unasuguliwa uwe mwembamba, na wapo wanaopata mzio wa kemikali zake. Ukiamua kutia, usizibandue kwa nguvu. Loweka kwenye asetoni mpaka zilegee.

Lengelenge likishatoka usilitoboe. Ngozi ile ya juu ndiyo bandeji bora uliyonayo. Pembeni mwa ukucha pakivimba, pakawa pekundu na panapwita, hicho ni kidole kinaanza mdudu. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu, na kama siku mbili hakipoi nenda zahanati. Mwenye sukari asingoje hata hizo siku mbili, aende siku ileile, na asicheze na wembe kwenye vidole vyake kamwe.

Maumivu ya usiku uliyoyataja yanataka kutofautishwa. Ncha kuwaka juujuu ni ngozi, itazoea. Yakiwa ndani ya kiungo, au yanapanda mpaka kiwikoni, au vidole vinakufa ganzi, hiyo si sugu na haitibiwi kwa kukaza moyo. Punguza muda wa kupiga na uonane na daktari.

AmiLangoni

Wanangu, mmesema maneno mazuri, niongeze la udhu kwa sababu sioni aliyeligusa, na sisi hatuwezi kulipita.

Gundi na akriliki zinazuia maji yasifike kwenye ngozi na ukucha. Udhu wa aliyezitia hautimii mpaka kizuizi kiondoke. Anayepiga gitaa na akaswali ajue hilo kabla hajaingia saluni. Hina haina shida hiyo kwa kuwa ni rangi tu, haina mwili.

La pili ni urefu wa kucha. Vijana huniuliza kama kufuga kucha za mkono wa kulia kwa ajili ya gitaa kunagongana na sunna. Hadithi ya sahaba Anas inatupa mwisho wa siku 40 bila kukata. Ukucha hukua kama milimita 3 kwa mwezi. Huyu bwana wa Malindi amesema milimita 1 au 2, na lazima auchonge kila juma ili ubaki hapo. Basi hafugi, anapunguza kila mara. Ndia ni moya. Anayetaka kujua zaidi amuulize shekhe wake.

La tatu, udhu mara tano kwa siku ni maji mara tano kwa siku. Ukiswali Isha ukatoka kwenda kupiga, usikimbilie udi. Kaza vigingi, linganisha nyuzi, zungumza na wenzio, vidole vikauke. Wazee wetu wa taarabu walianza kwa kahawa na mazungumzo, na mimi naona palikuwa na faida hata kwa ngozi.

Na msikilizeni marehemu Zein l'Abdin, mpiga udi na mwimbaji wa taarabu, mzaliwa wa hapa Amu, aliyefariki 2016. Zisikilizeni rekodi zake kwa spika ndogo za masikioni, muache kufuata maneno, mfuate risha. Inagusa, inaondoka, noti inabaki peke yake ikiwa safi. Mchakarisho husikii. Mimi nimewaambia vijana, nyimbo zake mnaziiga, mguso wake hamuutafuti.

UdiWaMkomani

Shikamoo ami. La udhu nilitaraji uliseme wewe, Allah akulipe.

GitaaLaMalindi, nakubaliana na umbo la mteremko. Ninapokupinga ni kama unataka wote wende kwenye kucha. Anayepiga kibangala au gambusi, vyombo vya nyuzi vyenye uso wa ngozi, ukucha unatoa sauti ya kijiti juu ya dufu. Ngozi ya uso tayari ni kali. Inataka nyama, au risha laini sana. Chombo kiamue.

GitaaLaMalindi

Hapo sibishi. Mimi nasemea ubao.

MvuviMatondoni

Mimi ni mtu wa mishipi na pia napiga udi wa mjomba wangu. Nyuzi za dukani hupatikana kwa shida huku kwetu, kwa hivyo wengi tunafunga mshipi wa kuvulia. Hamjauzungumzia na unagusa vidole moja kwa moja.

Kuna mshipi wa nailoni na kuna ule wanaouita kaboni. Kaboni ni nzito kuliko nailoni: sentimita moja ya ujazo ya nailoni ina gramu 1.14 hivi, ya kaboni 1.78. Kwa hiyo ukitaka noti ileile kwa mkazo uleule, kaboni inakuwa nyembamba kwa kama moja ya tano. Jozi ya kwanza uliyoifunga nailoni ya milimita 0.60, kwa kaboni ni karibu 0.48. Sauti inang'aa, ila uzi mwembamba unazama zaidi kwenye ncha ya kidole. BintiShela, kama nyuzi zako za juu ni kaboni, pengine ndizo zinazokuumiza. Anzia nailoni.

Kwa upande mwingine, nailoni inanyonya unyevu na kaboni hainyonyi. Msimu wa kusi, mvua za masika zikishaingia, nailoni inashuka na kupanda mpaka unachoka. Chagua taabu yako.

Mshipi uliokwisha kuingia baharini usiufunge kwenye udi hata kama umeuosha. Una vijino usivyoviona kwa macho, kutoka kwenye mawe na meno ya samaki, na unakula vidole kama tupa. Pitisha kipande kipya katikati ya kucha za gumba na shahada kwa urefu wake wote. Kikikwama popote, kitupe.

Na mikono ya baharini: chumvi inakausha ngozi mpaka inapasuka kwenye mikunjo, na ufa mmoja kwenye ncha ya shahada unakutoa kazini. Nikirudi pwani naosha kwa maji yasiyo na chumvi, nakausha, napaka mafuta ya nazi. Usiku huo sipigi.

BintiShela

Asanteni sana nyote. Ndugu wa Matondoni, nimeangalia paketi, kweli ni kaboni, 0.52. Hina nitatia kwa ajili ya Idi tu. Swali la mwisho: mwalimu wangu anasema nyuzi zangu ziko juu sana pale shingo inapokutana na tumbo. Je, hilo nalo linaleta maumivu, au ni vidole vyangu tu?

UdiWaMkomani

Linaleta, tena sana, na hakuna sugu ya kulishinda. Pima kutoka kwenye ubao wa shingo mpaka chini ya uzi, pale shingo inapoishia. Ikiwa ni milimita 3 hivi, uko sawa. Ikiwa 5 au 6, unabonyeza kwa nguvu isiyohitajika na ncha zinaumia bure. Tazama pia upande wa vigingi: nyuzi zikae chini kabisa pale, karibu ziguse ubao bila kugusa. Kipande cha mfupa kinachobeba nyuzi pale kikiwa kirefu, noti za kwanza ndizo zitakazokuchosha.

Usikichonge mwenyewe. Mpe fundi, mwambie apunguze kidogokidogo na kufunga nyuzi kila mara kupima. Kama tatizo ni shingo iliyovutwa mbele kwa miaka ya mkazo, fundi atakwambia, na hapo kazi ni kubwa zaidi. Wakati unangoja, linganisha udi wako noti moja chini kuliko kawaida. Mkazo utapungua na vidole vitapona huku ukiendelea kujifunza.

MvuviMatondoni

Na hiyo 0.52 iondoe jozi ya kwanza. Tia nailoni ya 0.60. Ya 0.65 pia inafaa ukishusha noti moja kama alivyosema UdiWaMkomani.